Korona, mwaka 2021: naosha kila kitu nikitoka dukani, halafu Jumapili nakaa na marafiki sebuleni, nakosea wapi?

"Shikamoo daktari. Mimi ndo nimepewa kazi ya kwenda sokoni na dukani kwa ajili ya nyumba nzima, tuko sita, na mama yupo hapa, ana miaka 71 na ana sukari. Nikirudi naacha viatu nje, nguo naloweka, vitu vyote naviosha na maji ya sabuni na jiki, hadi matunda, noti nazipiga pasi. Mikono imeshachanika. Dukani wamechora alama chini za kusimama lakini watu wananibana mgongoni, juzi nimegombana na kaka mmoja kwenye foleni mpaka mlinzi kaja. Sasa Jumapili huwa wanakuja marafiki zangu wawili watatu, tunakaa sebuleni masaa matatu hivi, kila mtu na kochi lake, hatupeani mkono wala kukumbatiana. Barakoa tunavua maana tunajuana na wote ni wazima. Mdogo wangu anasema mimi ni kituko, naogopa mfuko wa plastiki af nakaribisha watu ndani. Nani yuko sahihi? Na tafadhali usiniambie nisionane na mtu kabisa, mwaka jana nilijaribu nikakaribia kuchanganyikiwa."

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza kama daktari wa magonjwa ya kuambukiza, mara ya pili kama yule mtu ambae mwezi wa nne 2020 alikuwa anasimama jikoni usiku anafuta pakiti moja moja na kitambaa cha sabuni huku watoto wanamchungulia mlangoni. Yani nakuelewa vizuri sana na sikucheki.

Nikujibu kwanza ndo nieleze. Mdogo wako yuko sahihi kwenye lile jambo kubwa: Jumapili yako ni hatari kuliko safari zako zote za dukani za wiki nzima ukizijumlisha. Ila kukuita kituko amekuonea. Umefanya kile ambacho sisi wenyewe tulikwambia mwanzoni, osha, futa, usiguse, simama mita moja, na umekishika kuliko watu wengi ninaowajua. Shida ni kwamba nguvu zako zote zinaishia kwenye vitu, hewa umeisahau, na hiki kirusi njia yake kubwa ni hewa.

Tuanze na hiyo mikono maana ndo imeniuma. Jiki kwenye chakula na kwenye ngozi acha leo, usingoje kesho. Matunda na mboga vinaoshwa kwa maji safi yanayotiririka, unasugua na mkono, basi. Sabuni inaingia kwenye maganda na kwenye vile vitundu vidogo, haitoki yote ukisuuza, ukiila inakuharibia tumbo, na jiki ndo usiseme. Na kama kuna siku umewahi kufikiria kuichanganya jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo ili iwe kali zaidi, usithubutu, kuna mchanganyiko unatoa gesi ambayo inaunguza mapafu humohumo bafuni, na sitaki kuona mtu aliyejikinga na korona mwaka na nusu analetwa hospitali kwa ajili ya ndoo ya usafi. Ngozi iliyochanika nayo ni mlango, bakteria wanaingia, halafu inauma kiasi kwamba ukifika wakati wa kunawa kweli unanawa nusunusu. Nawa kwa sabuni ya kawaida, paka mafuta ya mgando ukimaliza, na usiku paka mengi zaidi.

Sabuni ya kawaida inatosha kwasababu ya umbile la kirusi chenyewe. Kimefunikwa na kigamba cha mafuta, na sabuni kazi yake ni kuvunja mafuta, ndo maana inatoa mafuta kwenye sahani. Kigamba kikivunjika kirusi kimekwisha, hakuna cha kukiua tena mara ya pili. Inachohitaji ni muda, kama sekunde 20, na usisahau katikati ya vidole na kidole gumba ambacho watu wengi wanakiruka. Ukiwa njiani tumia sanitaiza yenye kilevi kuanzia asilimia 60. Maji ya moto sana hayana faida yoyote ya ziada hapa, yanakuchubua tu.

Sasa hivi vitu, mifuko, makopo, noti. Hofu yote hii ina chanzo na nakijua. Mwezi wa tatu 2020 ulitoka utafiti wa maabara ulioonyesha kwamba kirusi kinaweza kupatikana kikiwa hai kwenye plastiki mpaka masaa 72, kwenye chuma masaa 48, kwenye boksi la karatasi masaa 24. Dunia nzima ikaanza kuosha mifuko. Watu hatukusoma vizuri, maana utafiti huohuo ulionyesha kinapungua kwa kasi, kwenye plastiki nusu yake inapotea kila baada ya masaa kama saba hivi, na walianza na dozi kubwa iliyowekwa makusudi, sio mkono wa mtu aliyeshika kopo akalirudisha kwenye shelfu. Na kilichonisikitisha mimi zaidi, kwenye utafiti huohuo waliandika kwamba kwenye hewa kirusi kilibaki hai kwa masaa matatu yote ya jaribio lao. Tukaibeba habari ya plastiki, ya hewa tukaipita.

Baada ya mwaka mzima wa kufuatilia wagonjwa, CDC, yani kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, mwezi wa nne 2021 wakasema hatari ya kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye kirusi kwa ujumla iko chini ya moja kwa 10,000 kwa kila mguso. Sio sifuri. Ila ni ndogo kiasi kwamba kunawa mikono baada ya kupanga vitu kunaimaliza kabisa hiyo biashara. Kwahiyo ukirudi: weka mifuko chini, nawa, panga vitu, nawa tena, kaa. Pasi ya noti acha, utaunguza hela yako bure, na zile noti za plastiki zinajikunja. Viatu kuacha nje endelea, nyumba inakuwa safi, ila usiufanye kuwa ulinzi wa korona. Nguo hazina haja ya kulowekwa kila safari isipokuwa kama umemhudumia mgonjwa.

Unaona nimekurudishia kama saa nzima kwa kila safari? Hiyo saa naitaka, tutaitumia kwenye hewa.

Sasa sikiliza, hapa ndo penyewe. Mtu akiongea, akicheka, hata akipumua tu, anatoa matone ya ukubwa tofauti. Makubwa ni mazito, yanaanguka haraka kama mate unayoyaona, ndani ya mita moja au mbili yako chini. Hiyo ndo sababu ya zile alama kwenye sakafu ya duka. Lakini yale madogo kabisa, ambayo huyaoni, yanakauka yakiwa bado juu na yanabaki yanaelea, dakika nyingi, kwenye chumba kilichofungwa hata masaa. Na hili sio jambo la juzi, mhandisi mmoja wa Marekani, William Wells, aliliandika tangu 1934, kwamba tone likiwa dogo kiasi fulani linakauka kabla halijafika chini. Tulichelewa tu kulichukulia kwa uzito.

Ukitaka kuiona kwa macho fikiria mvuta sigara. Ukiwa nae nje, hatua mbili kutoka kwake, unasikia harufu kidogo upepo ukigeuka, basi. Ukiwa nae chumbani, madirisha yamefungwa, anavuta moja baada ya nyingine masaa matatu, je kukaa kwenye kochi la pili kunakusaidia? Mwanzoni kidogo, maana ukiwa karibu nae moshi ni mzito. Baada ya nusu saa chumba kizima ni moshi na wewe unauvuta popote ulipokaa. Sasa weka pumzi ya mtu mwenye kirusi mahali pa moshi, tofauti yake ni kwamba hii huioni wala huisikii harufu. Mimi hii picha ya sigara ndo nawaambia wagonjwa wangu waibebe kichwani kila wanapoingia mahali: hapa mtu angekuwa anavuta, ningeunusa moshi kiasi gani, kwa muda gani?

Ndo maana hata nchi hazijakubaliana kuhusu umbali. Shirika la Afya Duniani limesema angalau mita moja, Ujerumani wakaenda na mita moja na nusu, Uingereza mbili, Marekani futi sita ambazo ni kama mita 1.8. Kirusi hakibadiliki ukivuka mpaka. Kinachotokea ni kwamba hatari inapungua taratibu kadri unavyosogea, haina mahali inapokatika kama ukuta, kwahiyo kila serikali ilichagua namba ambayo watu wake wanaweza kuiishi. Mita ni kitu kizuri, usiidharau, ila ni kimoja kati ya vinne vitano: umbali, muda, hewa inavyobadilika, wingi wa watu, na sauti. Sauti watu wanaisahau sana. Mtu anaeimba au anaepiga kelele anatoa chembe nyingi kuliko anaeongea taratibu, na anaeongea anatoa nyingi kuliko aliyenyamaza.

Kuna mifano miwili siisahau. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2020, kaunti ya Skagit jimbo la Washington huko Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya masaa mawili na nusu, mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliohesabiwa kuwa waliumwa, ukijumlisha waliothibitishwa na vipimo na waliokuwa na dalili, walikuwa 53, wawili wakafariki. Viti vilikaribiana, nikubali, lakini jioni moja, mtu mmoja! Na mwingine wa Guangzhou huko China, tarehe 24 mwezi wa kwanza 2020, familia tatu zisizojuana zilikaa meza tatu za jirani kwenye mgahawa usio na madirisha, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, umbali kati ya meza ni kama mita moja. Watu kumi wa meza hizo wakaumwa, mmoja ndo alikuja nacho. Wahudumu waliokuwa wanapita pita hawakuumwa hata mmoja. Hebu fikiria hapo, wahudumu walikuwa kwenye chumba hichohicho, ila hawakukaa saa nzima kwenye njia ya ule upepo.

Sasa rudi sebuleni kwako Jumapili. Masaa matatu, mnaongea na kucheka, barakoa hakuna, ndani. Makochi yametengana, sawa, hiyo imepunguza yale matone makubwa, lakini mengine yote yako vibaya. Dukani unapita na mtu kwa sekunde nne, umevaa barakoa, hamuongei, mlango unafunguka funguka, paa liko juu. Ndo maana nasema Jumapili moja inazidi.

Halafu kuna hilo neno lako, "tunajuana na wote ni wazima". Hapa naomba unisamehe nikaze sauti kidogo. Kujuana ni kitu cha moyo, kirusi hakina habari nacho. Nimewahi kuwauliza wagonjwa wengi walikutana na nani wiki iliyopita, wanakuhesabia watu wa kwenye basi, keshia, mlinzi wa benki, halafu ukiuliza "na nyumbani je, marafiki?" wanakwambia "aa hao ni watu wetu". Mgeni unamvalia barakoa na unakaa nae mbali, wetu unamvulia, kwahiyo wetu ndo anakupata. Na uzima nao haukwambii kitu. Toka mtu apate kirusi mpaka dalili zianze, kwa kirusi cha mwanzo ilikuwa kama siku tano kwa kawaida, inaweza kufika 14, na anaanza kuambukiza wengine kama siku mbili kabla ya kujisikia vibaya. Wengine hawajisikii vibaya kabisa mpaka mwisho. Kwahiyo rafiki yako hakudanganyi akisema ni mzima, hajui tu. Hii pia ndo sababu kile kibunduki cha kupima joto mlangoni kwenye maduka hakinipi raha sana, kinamkamata mwenye homa, ambae mara nyingi hata hajatoka kitandani.

Na nigusie hili la dakika 15 maana najua litafuata. Watu wamesikia kwamba ukikaa na mtu karibu chini ya dakika 15 uko salama. Hapana jamani. Hiyo ni namba ya wafuatiliaji wa wagonjwa, inawasaidia kuamua nani wapigiwe simu kwanza, na hata yenyewe inajumlishwa kwa masaa 24, dakika tano asubuhi na tano mchana na tano jioni zinahesabiwa. Mtu akikuimbia usoni chumba kimefungwa haihitaji robo saa.

Turudi dukani. Nenda wewe peke yako kama unavyofanya, na orodha mkononi iliyopangwa kwa mpangilio wa duka lenyewe ili usizunguke mara mbili. Nenda saa ambazo watu wachache, mara nyingi ni wanapofungua tu au katikati ya siku za kazi, na kama duka lenu limetenga saa ya wazee sio lazima mama aende, we jua tu saa hiyo sio yako. Soko la wazi likiwa na nafasi ni afadhali kuliko supamaketi yenye hewa iliyofungwa, hata kama linaonekana fujo. Kile kioo cha plastiki mbele ya keshia kinazuia mate ya moja kwa moja, hewa inapita pembeni na juu, kwahiyo usivue barakoa ili akusikie, ongea taratibu au onyesha kidole. Glavu hazina maana kwa mteja, zinachafuka kama mkono halafu haunawi ukidhani uko salama, na simu unaishika nazo. Na ukikuta mahali wanapulizia watu dawa mwilini mlangoni, pita mbali, Shirika la Afya Duniani lilishakataza, inaumiza macho na ngozi na haifanyi chochote kwa kirusi ambacho tayari kiko kwenye mapafu ya mtu.

Barakoa yako iwe inabana puani na kidevuni, kama miwani inapata ukungu kila ukipumua basi hewa inatoka juu bila kuchujwa. Ya kitambaa iwe ya tabaka tatu, ya hospitali ni nzuri, na zile nzito za kuchuja hewa, N95 au FFP2, ndo bora zaidi ukizipata halisi, hasa baada ya kirusi cha aina ya Delta, ambacho mwaka 2021 kilisambaa kwa kasi kuliko kile cha mwanzo. Pua ikiwa nje umevaa pambo.

Na yule kaka wa kwenye foleni. Najua hasira yake ilivyo, mtu anakupumulia shingoni wakati alama iko pale chini anaiona. Ila fikiria kilichotokea mlipogombana: mkageukiana uso kwa uso, mkasogeleana, mkapaza sauti, labda barakoa zikashuka. Yani mmefanya yote tunayoyakataa, kwa pamoja, ili kutetea mita moja. Weka toroli au kikapu nyuma yako sio mbele, hiyo inampa umbali bila maneno. Akizidi kusogea mwambie "pita tu kaka, mi sina haraka", utashangaa, wengine wanaona aibu wanarudi nyuma, na akipita kweli umepoteza dakika mbili. Ukiwa mbele yake geuka umpe mgongo. Mlinzi muachie kazi yake.

Sasa Jumapili, maana hapa ndo uliniwekea mtego, usiniambie nisionane na mtu. Sikuambii. Neno lenyewe tulilikosea toka mwanzo, tukasema watu wajitenge kijamii, hadi Shirika la Afya Duniani mwezi wa tatu 2020 wakaanza kusema ni umbali wa mwili, sio wa kijamii, watu waendelee kuwasiliana. Upweke ni ugonjwa nao, nauona kliniki kila wiki, mtu halali, hali, presha inapanda, dawa anaruka. Ulivyosema ulikaribia kuchanganyikiwa nakuamini. Kwahiyo tunapima, hatukatazi. Isipokuwa kama masharti ya hapo ulipo kwa sasa yanakataza wageni ndani au yameweka idadi, hilo lifuate kwanza, mimi siwezi kukupa ruhusa ya kulivuka.

Chaguo langu la kwanza ni nje. Uani, barazani, bustani, popote ambapo upepo unapita. Masaa matatu nje na kila mtu kwenye kiti chake ni kitu tofauti kabisa na masaa matatu ndani, ule moshi wa sigara unachukuliwa na upepo. Chaguo zuri zaidi ya hilo hata, kutembea pamoja, maana mkitembea mnaangalia mbele, hampumuliani usoni, na mazungumzo ya kutembea huwa yana ukweli wake, sijui kwanini. Nje napo usijisahau, kubanana bega kwa bega mkiongea kwa sauti bado ni tatizo.

La pili, kama nje haiwezekani, mfanye kundi dogo lisilobadilika. Wewe na hao wawili, haohao, na wao nao wakubali kwamba hawana kundi lingine la Jumamosi. New Zealand waliliita povu mwaka 2020, na Uingereza nao wakawa na la kwao, wazo ni kwamba nyumba zinajifunga pamoja kama nyumba moja. Uzuri wake unaruhusu ukaribu. Ubaya wake, nikwambie bila kuficha, ni kwamba linategemea uaminifu wa yule mlegevu kuliko wote, mmoja akienda sherehe ya watu 40 wote mmeenda. Na huwa ni vigumu watu wazima kuulizana "umekutana na nani wiki hii" bila mtu kununa. Mimi kwa nyumba yenye mama wa miaka 71 mwenye sukari silipendi sana hili, labda wote wawe wamechanjwa na mama pia, na zimepita wiki mbili toka dozi ya mwisho.

Ndani kabisa bila kundi, kama imebidi, basi madirisha pande mbili wazi ili hewa iingie huku itokee kule, dirisha moja halitoshi kama hakuna pa kutokea. Feni iwe dirishani inatoa hewa nje, sio katikati inaizungusha kwenye nyuso zenu. Kiyoyozi cha kawaida kinapoza tu hewa ileile, kumbuka ule mgahawa. Barakoa zibaki usoni, iwe nusu saa au dakika arobaini badala ya masaa matatu, na mama awe chumba kingine na mlango umefungwa, sio anapita kusalimia kila mmoja kwa mkono. Vinywaji na chakula mpelekee nje, maana hapo ndo barakoa zinashuka zote kwa pamoja halafu hazipandi tena, nimeliona hili hata kwenye vikao vyetu wenyewe wa hospitali, tunavaa kikao kizima halafu chai ikija tunavua tunakaa duara. Aibu tupu.

Na mama mwenyewe umemtaja kama mtu wa kulindwa tu, hukuniambia yeye anaonaje. Muulize. Wazee wengi wananiambia wangekubali hatari ndogo ili wamuone mjukuu mara moja kwa wiki barazani, wengine hawataki kabisa, lakini wanataka waulizwe. Kama bado hajachanjwa na chanjo inapatikana kwenu, hiyo ndo kazi yako ya wiki hii, mpeleke, sukari sio sababu ya kuacha, ni sababu ya kuwahi. Chanjo haimzuii asiambukizwe kwa asilimia mia, inachofanya vizuri sana ni kupunguza uwezekano wa kuumwa vibaya na kufa.

Ikitokea mmoja wenu sita ameanza homa, kikohozi, au amepoteza harufu na ladha, msisubiri muone kama ni mafua tu. Akae chumba chake dirisha wazi, apimwe, na wote waliokaa nae ndani siku mbili kabla waambiwe, pamoja na hao marafiki zako, bila aibu. Mama akianza dalili piga simu kwa daktari wake siku hiyohiyo hata kama anasema yuko sawa, maana maambukizi yanapandisha sukari, na dawa zake asiache. Ukiona mtu yeyote anapumua kwa shida, kifua kinambana na hakiachii, amechanganyikiwa ghafla, haamki vizuri, au midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, hapo hakuna kuuliza mtandaoni, hospitali muda huohuo. Kama mna kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ikishuka chini ya 94 piga simu, ikifika 90 au chini ya hapo ondokeni. Wazee wengine oksijeni inashuka na bado wanaongea kawaida, kwahiyo kipimo kikikwambia vibaya kiamini kuliko neno lake.

Kuna la mwisho na ni la kwako wewe. Umeniandikia kuhusu pasi ya noti kama kitu cha kawaida. Mimi nimekuruhusu kuacha, na watu wengi wakipata hiyo ruhusa wanashusha pumzi wanaacha siku ileile. Jaribu wiki mbili. Ikiwa utaona huwezi, unanawa halafu unarudi kunawa tena, moyo unaenda mbio usipofuta kopo, usingizi hauji, basi nenda ukaonane ana kwa ana na daktari au mshauri wa afya ya akili. Inatibika na imewapata wengi kipindi hiki, hata wauguzi wangu wawili. Na hiyo michaniko ya mikono isipofunga ndani ya siku kumi za mafuta, au ikianza usaha, muonyeshe mtu wa ngozi.

Kwa Jumapili hii, waandikie marafiki mapema, usisubiri wafike mlangoni ndo uanze kueleza huku kila mtu amesimama na aibu. Kitu kama: "Jamani tunakaa nje safari hii kwa ajili ya mama, njooni na barakoa na vitu vyenu vya kunywa." Watakuja. Na mdogo wako mpe kazi ya kupanga viti, si anajua kila kitu.